Nimeliona Kaburi la Neema

Kambi ya Dzaleka, Jumapili baada ya ibada. Mwaka wa ishirini na saba tangu tuvuke ziwa, na wa pili tangu uniache.

Mama Neema,

Nikuambie kwanza, halafu nitaeleza: kaburi la mtoto wetu lipo. Mto haukulichukua. Nimeliona nikiwa nimekaa hapa hapa mezani, miwani puani, na tangu siku ile nalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Unakumbuka mchezo wetu ulivyoanza. Mwanetu Amani alipopata kazi ya kunyoa kule Old Town, Lilongwe, alituletea simu yake ya zamani, akatuonyesha jinsi ya kutazama dunia kutoka angani. Ulicheka. "Baba Neema, we unatembea mbinguni na kidole, na bugali nani atasonga?" Lakini jioni ulikuwa wa kwanza kuja na kiti. Tuliona ndege zimetulia uwanjani Lilongwe kama panzi weupe. Tuliona mashamba ya duara, ya kijani kibichi, ambayo mpaka leo sijui ni nani anayelima hivyo. Na siku tulipopata paa letu wenyewe hapa kambini, uligusa kidoa cheupe mbele ya mlango ukapiga kelele: "Muhogo yangu! Njo ile nilianika!" Ndiyo ule uliouanika kweli; picha ilikuwa ya zamani, muhogo ulikwisha kuliwa kitambo, lakini ulifurahi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi yake.

Kisha ukataka twende Fizi, kwetu ng'ambo ya ziwa.

Hapo ndipo tulipopotea, na sasa najua kwa nini. Kwetu "juu" ni mlimani na "chini" ni ziwani. Hatukuwahi kuelekezana njia kwa maneno mengine. Kutoka kanisani kwenda nyumbani unapanda juu. Basi tulipolipata paa la kanisa tukafuata juu ya kioo, juu, juu zaidi, kumbe kwenye ramani juu ni kaskazini. Tukafika kwenye mto wa watu wengine, mahali ambapo mafuriko yamekula kila kitu, mchanga mtupu na mawe. Uliugusa ule mchanga kwa kidole.

"Kaburi njo imebebwa," ukasema. "Neema ameenda ziwani."

Hukuigusa tena simu ile. Hata ulipokuwa mgonjwa uliniuliza kama mifupa ya mtoto huzama au huelea. Ndiyo maana siku tuliyokuzika niliapa mbele ya watu kwamba nitarudi Fizi, mzee hivi nilivyo, nikatafute hata jiwe moja la pale. Amani alijua safari ile ingeniua.

Mwezi uliopita niliiacha simu mezani ikiwa kwenye chaji, picha ya kwetu imefunguka. Jua likaniingia machoni, nikahamia upande wa kulia wa meza. Nilipokaa, ziwa lilikuwa kifuani pangu na milima iko mbele, kama ulivyokuwa ukiiona ukitoka kuteka maji. Mama, miguu yangu ilikumbuka njia kabla ya kidole. Kanisa. Mwamba mlipokuwa mkifulia nguo. Kona ya mto. Nikapanda.

Nyumba haipo. Sikufichi, hata msingi sikuuona. Shamba lote limelimwa muhogo na mtu nisiyemjua. Lakini michikichi yetu miwili ya kaburini ipo, ule wa kichwani na ule wa miguuni. Kutoka angani inaonekana kama nyota mbili. Na matuta ya mtu huyo yanashuka kutoka mlimani yamenyooka, yanafika pale, yanapinda, yanalizunguka kaburi, kisha yananyooka tena.

Hakumjua mtoto wetu. Hata hivyo kila msimu, jembe mkononi, akifika pale anageuka.

Nililia kwa sauti. Jirani yetu Mrundi, Mama Jeanine, akaja mbio na unga mikononi. "Baba, ni habari mbaya?" Nikamwonyesha. Aliyatazama matuta kama mkulima anavyoyatazama, akasema, "Huyo mtu alilelewa." Halafu akasikia harufu ya nsima yake inaungua, akakimbia, na mpaka leo ananidai chakula.

Mengine ni mazuri. Amani amepata binti. Ana pua yako, maskini. Kwaya wamempa Mama Jeanine nafasi yako. Anaimba vizuri, ila anaanza kabla ya wenzake, na mwalimu wa kwaya anamwogopa. Nimejifunza kusonga bugali, ingawa Amani anasema ni uji uliokaidi.

Lala sasa, Mama Neema. Ile hofu uliyokwenda nayo, iweke chini. Kama mmekwisha onana wewe na yeye huko, basi ulijua kabla yangu. Nakuahidi kwamba kaburi lako halitaota magugu wakati mimi nina nguvu ya kuinama, na kwamba kila Jumapili nitamwombea yule mkulima, ingawa sina jina la kulitaja.

Kile kiapo nimemwambia mchungaji, nimemwambia na Amani, sasa nakuambia wewe. Nilitaka kwenda kutafuta kilichopotea, nacho hakikupotea. Sirudi Fizi.