Televisheni ya Afande Odongo

Kansanga, Kampala

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, ilifika, au utingo wa basi aliisahau tena? Mimi ni mzima, Mungu ananilinda.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti yangu iko chini, nikakujibu ni mafua. Hayakuwa mafua. Niliogopa kufukuzwa kazi, na nisingeweza kukueleza bila kulia, ndiyo maana naandika.

Hapa dukani tuliletewa televisheni bapa ya inchi sabini na tano. Ukiilaza, inakaribia kujaza kitanda changu. Siku ya kwanza tulipoiwasha ilionyesha samaki majini, nikaona magamba moja moja mpaka macho yakauma kwa ule mng'ao. Mzee mmoja, Afande Odongo, polisi mstaafu kutoka kaskazini, alisimama mbele yake muda mrefu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Afande, kwenye hii kila kitu kinaonekana kama kiko hapa." Akainunua.

Siku ya tatu akapiga simu dukani akifoka. Bosi wangu, Mama Sanyu, aliniambia taratibu tu, "Jasinta, wewe ndiye uliyeisifia. Nenda kwake. Ikirudi hapa, wewe usirudi."

Nilikwenda. Nilimkuta sebuleni peke yake, amevuta kiti karibu kabisa na kioo. "Keti uone," akasema. Akaweka video ya harusi ya mwanawe Denis, aliyefariki mwaka jana. Ilipigwa zamani kwa simu ndogo. Mama, ule uso ulikuwa mkubwa kama dirisha, lakini macho yalikuwa vipande vya miraba, na mdomo umevurugika kama rangi iliyomwagiwa maji.

"Mtoto yangu iko wapi?" akaniuliza. "Kwa ile televisheni kidogo ya zamani alikuwa anaonekana. Wewe ulisema kila kitu itaonekana."

Nikashika rimoti, nikapunguza mwanga, nikabadilisha hiki na kile. Haikusaidia. Muda wote alikuwa ananitazama mimi, siyo kioo. Ningeweza kusema nitaleta fundi, nikaondoka zangu. Nikashindwa.

"Afande, televisheni ni nzima," nikamwambia. "Video ndiyo ndogo, imevutwa kupita uwezo wake. Mimi nilikosea kukuahidi."

Nikajua kazi imekwisha. Hapo ndipo nilipomsikia mkewe, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na mikono yake imelowa. Hakuwa ameingia sebuleni.

"Lakini mimi kutoka hapa naona yeye," akasema.

Mzee akainuka, akaenda mpaka pale, akageuka. Nilitazama uso wake badala ya kioo. "Ni yeye," akasema, akamshika mkewe bega. Tukasogeza viti vyote mpaka mlangoni. Hakunishukuru. Aliniambia nirudishe mwanzo, na niliwarudishia mara nne.

Televisheni haikurudi dukani. Mama Sanyu hajauliza kitu, na kazi bado ninayo, ingawa sasa mteja akiniuliza habari za picha, nafikiri kwanza.

Msalimie bibi, umwambie nimepata kitenge chake kwenye soko la Owino. Msalimie dada na shemeji, na mjomba kule ng'ambo ya mto. Na kaka Deo, anayetaka kuipeleka picha ya marehemu baba mjini ikakuzwe iwe ya ukutani, mwambie asubiri nije. Ile ndogo isiguswe.

Mwanao anayekukumbuka,
Jasinta