Yakuti Yangu na Zumaridi Yako

Karakana ya Vito,
S.L.P. 418.
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na shemeji, mgongo umemwachia, au bado anatembea kainama kama anayetafuta sindano? Sisi huku wazima. Kikohozi tu kinanisumbua, ndilo vumbi letu wakata mawe.

Barua yako nimeipata. Loo, mdogo wangu, una ulimi! Ati marehemu mama alinipendelea: mimi kanipa pete ya yakuti isiyo na doa, wewe kakuachia ya zumaridi yenye nyufa. Ukaona unitumie kabisa "hiyo takataka" niione, na kuniomba tubadilishane. Haya, nimeiona. Niliiweka chini ya lenzi na yakuti kando yake, nikashinda nazitazama huku mawe ya wateja yakinisubiri.

Sikiliza basi. Nyufa ndiyo maumbile ya zumaridi. Mtu akiniletea zumaridi safi kama maji, kwanza nashuku ni chupa. Kwa ugumu, kweli, yakuti inashinda. Ukiacha almasi, ni nadra kupata jiwe la kuikwaruza. Zumaridi nayo si laini, ila ni nyepesi kuvunjika. Igonge ukingoni mwa sinki uone. Hata uzito hazilingani: zikiwa za ukubwa mmoja, mkono wenyewe utakuambia yakuti ni ipi. Wanasema damu nzito kuliko maji. Basi yakuti ni nzito kuliko vyote viwili!

Halafu nyufa hizo hutiwa mafuta ili rangi ikolee. Sasa wewe muuguzi, kutwa unanawa kwa sabuni na maji ya moto, pete kidoleni. Itaachaje kupauka? Mama hakukupa jiwe bovu, mwenzangu, umelichosha mwenyewe. Nimelitia mafuta upya, na kijani chake sasa kingekunyamazisha.

Unamkumbuka mama na pete zake? Yakuti alifua nayo, akasugua nayo masufuria, wala hakuitupia jicho. Zumaridi aliivua kwanza, akaifuta, akailaza kwenye pamba. Wewe waona alinipa kilicho bora. Mimi siku ile nilijifungia bafuni nikalia. Alinipa jiwe lisilohitaji kutunzwa, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. "Huyu mkubwa atajiweza." Wewe ukikohoa, nyumba nzima hailali. Mimi nilivunjika mkono, nikaambiwa nisikutishe kwa kilio. Simlaumu, Mungu amrehemu, alikuwa peke yake na sisi wawili. Lakini iliniuma, na hadi leo inauma.

Msalimie sana shemeji. Wanangu wabusu, uwaambie mama mkubwa anawawaza. Shangazi naye anakusalimu, anasema umemtupa.

Kuhusu kubadilishana, nimekubali. Yakuti anakuletea mwalimu, jirani yetu, anayesafiri kuja huko wiki ijayo. Ivae kazini, fua nayo, haitakudai chochote. Zumaridi niachie mimi. Nataka na mimi niwe na kitu ambacho watu wanajua kinavunjika. Na siku moja moja, mdogo wangu, niulize kama nimechoka. Huwa nachoka.

Mola akufunike wewe na wote wa nyumbani mwako.

Dada yako akupendaye kuliko mawe yote,
Mkubwa