Maua ya Dawa Ukutani

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Sisi huku Songea hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kwa nini kila mwaka nachora maua yaleyale ukutani.

Wakati wa Maji Maji, askari wa Mdachi waliichoma bustani ya dawa ya mama yangu, maana waliogopa kila dawa. Mama akachukua udongo mweupe na mwekundu, akayachora maua yake ukutani. Mimi nikaliongezea ua moja majani ili lipendeze. Akalifuta, akalichora upya.

"Usilirembe, mwanangu. Siku moja utalitafuta porini."

Askari walipopita tena, waliyasifu mapambo yetu.

Mama alipokwisha kufariki, mdogo wangu alishikwa na homa kali. Nikasimama mbele ya ukuta, nikalitazama lile ua, nikaenda kulichuma.

Mdogo wangu huyo ndiye babu yako.

Bibi yako