Hereni za Watu wa Nyota

Mahabibo, Majunga
11 Oktoba 1964

Mpendwa Dada Zaharia,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Youssoufa na watoto. Kifua kimepoa? Barua yako ya mwisho ilisema moshi wa kiwanda cha mafuta ya mlangilangi huko Nosy Be unakukohoza, na tangu hapo Mama haachi kuuliza. Sisi huku hatujambo. Goti linamsumbua Mama akisujudu, lakini anakula vizuri. Nakuandikia Kiswahili kama Baba alivyotufundisha, ingawa nyumbani siku hizi ni Kimalagasi na Kikomori kidogo, kwa hiyo nisamehe nikikosea.

Harusi ya mdogo wetu imepita salama, alhamdulillahi. Ansoifa sasa yuko kwa mumewe Boinali, upande wa Belobaka.

Lakini kuna jambo ambalo sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine. Vile vipuli vyako vya dhahabu, alivyokuwekea Mama, havipo tena. Tumeviyeyusha. Hatukukuuliza, na mimi ndiye niliyesema tusikuulize. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Tangu ile Idi ulipomkimbiza Ansoifa akiwa na kipuli chako sikioni, ukakishika na ndewe yake ikachanika mpaka chini, hajavaa kitu masikioni tena. Alikuwa na miaka sita, nawe kumi na mitatu. Shali haimtoki kichwani hata akiwa jikoni. Posa ilipokuja alifurahi siku mbili. Ya tatu akaanza kulia, kwa sababu siku ya kutolewa nje bibi harusi hukaa kichwa wazi mbele ya wanawake wote wa upande wa mume. Alifikia hata kuniambia atamwomba Boinali waahirishe.

Basi mwezi wa sita ililetwa hapa sinema ya vipande, kila Alhamisi kipande kimoja, habari za watu wanaoishi kwenye nyota na vyombo vyao vya kuruka. Kifaransa chao kilikuwa cha haraka, nusu yake hatukuelewa. Nilimpeleka ili asahau kidogo. Katika kipande cha pili alinishika mkono gizani.

“Tazama masikio yao,” aliniambia. “Hayakutobolewa.”

Kweli, Dada. Wanawake wa huko nyotani, na hata wanaume, walivaa hereni zinazopanda nyuma ya sikio, zikapinda juu, kisha zikashuka kwa mbele kama jani na kufunika ndewe yote. Ansoifa akaanza kuzichora kwenye karatasi ya kufungia sukari. Kila Alhamisi tulirudi asahihishe mchoro, maana watu wale hawatulii, ukitazama sikio wameshageuka.

Tukampelekea mzee Mikidache, sonara wa karibu na soko. Aliiangalia karatasi, akairudisha.

“Mimi nawatengenezea watu wa duniani,” alisema.

Ansoifa hakumjibu. Alivuta shali nyuma, akamwonyesha sikio. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona kwa miaka mingi. Mzee alivua miwani, akaifuta, akauliza kipande kinachofuata kitaonyeshwa lini. Alhamisi hiyo tulimkuta mstari wa mbele na kofia yake, peke yake, hacheki wala hashtuki, anatazama masikio tu.

Akajaribu kwanza kwa waya wa shaba. Za kwanza zilianguka Ansoifa alipoinama. Za pili zilimchubua. Za tatu zilishika, hata alipotikisa kichwa kama mbuzi.

Ila dhahabu hatukuwa nayo, na Mama alikataa hata kusikia habari hiyo. Alisema hatamtoa mwanawe mbele za watu na mapambo ya mashetani wa sinema. Nikamwambia wawe mashetani au wasiwe, mtoto atakaa kichwa wazi. Baada ya alasiri Mama akafungua kasha, akatoa vipuli vyako, akavishika muda mrefu.

“Zaharia alikataa kuondoka navyo,” alisema. “Hatakuja kuvichukua.”

Ansoifa alitaka tukuandikie kwanza. Nikasema hapana. Niliogopa jibu lingechelewa, na niliogopa zaidi kukukumbusha. Kosa ni langu, usimlaumu yeye wala Mama.

Siku yenyewe alitoka kichwa wazi, nywele zimesukwa nyuma, shingo imenyooka. Wasichana waliokaa mlangoni walizitambua hereni, wakaanza kunong'onezana. Mama mkwe wake, Bi Hadidja, aliinama akazigusa kwa kidole.

“Hii ni kazi ya wapi?” aliuliza.

“Ni za dada yangu wa Nosy Be,” Ansoifa alisema.

Hakutaja sinema, hakumtaja sonara. Bi Hadidja akasema dada yako ana jicho zuri, akakaa karibu naye mpaka mwisho. Wale wasichana wa mlangoni, wawili wao wameshakwenda kwa Mikidache kutaka kama hizo.

Alipokuwa anafunga mizigo yake nilimwambia nitakuandikia yote, nikamuuliza anataka nikwambie nini. Alikaa juu ya sanduku kwanza.

“Mwambie kile kipuli nilikuwa nimekiiba sandukuni mwake,” alisema. “Siku zote nimedhani bado amenikasirikia, ndiyo maana haji.”

Dada, nililia kuliko siku ya harusi. Miaka yote hii wewe unajificha huko kwa aibu ya sikio lake, na yeye huku anajificha kwa aibu ya sanduku lako. Na mimi niliyekuwa katikati sikumuuliza yeyote kati yenu.

Chumba cha Ansoifa kiko tupu sasa. Nimekifagia, nimetandika kitanda kwa shuka safi, na Mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba unakuja.

Msalimie sana shemeji Youssoufa, uwabusu Halimati na Chaher kwa niaba ya bibi yao. Mungu akulinde kifua, akupe bahari tulivu siku utakayopanda meli.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Sittou