Kwa Nini Sitakuja Kufanya Kazi ya Hospitali

Baraka, Fizi
Tarehe 11, mwezi wa kumi, 1956

Mpendwa Shangazi Godelieve,

Nakusalimu sana kutoka huku kwetu, wewe na mumeo Baba Raphaël na watoto wote mlio Albertville. Ule mguu wako uliokuwa unavimba, umepona? Baba Raphaël bado anaamka alfajiri kwenda kwenye treni, au wamembadilishia zamu? Mama anawataja mmoja mmoja kila tukikaa kula, kisha ananiuliza mimi kama mko wazima, naye anajua kabisa kwamba mimi na yeye tumesoma barua ile ile.

Sisi tunapumua. Kifua cha mama kimetulia tangu mvua ilipoanza kulaza vumbi. Ndagala zilikuwa nyingi ziwani mwezi uliopita, kaka Jacques alianika mpaka juu ya paa la jiko. Mihogo ya shamba la bonde imeshikwa na ugonjwa, majani yanajikunja, lakini ile ya juu iko mizuri.

Barua yako nilipewa na baharia wa mashua ya Kazimia. Uliniuliza ni kazi gani ya hospitali ninayoitaka zaidi, maana Baba Raphaël anajuana na mkubwa wa waganga huko, na anaweza kuniombea nafasi kabla ya Noeli. Nimekaa na swali lako wiki tatu. Mama anadhani nimekwisha kukujibu. Sasa naandika, na nitaandika yote, hata yale ambayo yeye hayajui.

Shangazi, kazi niliyoitaka ni moja tu. Miaka mitatu nilikuwa katika maternité, nyumba ya uzazi ya masista hapa Baraka. Nilianza kwa kufua vitambaa na mama Adolphine, kisha wakaniacha nipime watoto kwenye mizani, kisha nichemshe vyombo. Marthe, mkunga mwenye diplôme, ndiye aliyenifundisha. Aliniwekea ile pembe ya mti tumboni mwa mama mmoja wa kijiji cha Swima, akaniambia nitulie nisikilize. Nilisikia moyo wa mtoto unakimbia. Siku ile sikutaka kitu kingine tena. Mwezi wa sita jina langu liliandikwa katika orodha ya wasichana wanne wa kwenda shule ya wakunga. Katika mtihani, dictée nilipata, hesabu nilipata. Mama alianza kunishonea nguo mbili.

Mwezi wa nane Marthe alikwenda Kazimia kumzika kaka yake. Masista wote wawili walikuwa wamepanda Fizi kwenye wiki ya sala. Roger, muganga wa hospitali, alikuwa milimani njia ya Minembwe, anachanja watoto. Nilibaki mimi na mama Adolphine. Niliambiwa nisimguse mzazi yeyote, akija mtu nitume habari Fizi, basi.

Siku ya pili, mchana, mtumbwi ulifika kutoka Swima. Walimleta Kulthumu, mke wa Yunusu yule anayeuza chumvi na nguo. Alikuwa ameshikwa na uchungu tangu juzi yake. Mashaka, mdogo wake Yunusu, nilimpa karatasi akapanda baiskeli kwenda Fizi. Unaijua ile barabara, unajua ni siku nzima ya kusukuma kuliko kupanda.

Mtoto hakumngojea Mashaka. Alitoka mwenyewe, mtoto wa kike, akalia. Nilimfunga kitovu nikampa mama Adolphine. Nikadhani Mungu ametuhurumia.

Kisha damu ikaanza. Shangazi, sitakuandikia yote ya ile damu. Nilimkanda tumbo kama nilivyomwona Marthe akikanda, na kondo la nyuma halikutoka, na damu ilikuwa inashuka chini ya kitanda. Dawa ya kukaza tumbo ilikuwa katika kabati, na ufunguo ulikuwa Fizi kwenye mkanda wa sista. Mama Adolphine alinitazama akasema, “Pulchérie, uyu mama anatufia hapa.” Nilichukua jiwe la kusagia nikavunja kufuli.

Nilimpiga sindano. Sindano ilikuwa imechemshwa, hiyo naweza kuapa. Kondo likatoka. Nililiweka katika beseni nikalitazama kama Marthe alivyonifundisha, nikaona halikutimia, pembeni palikuwa na pengo. Damu bado ilikuwa inakuja. Nilinawa na sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kwa maji yaliyochemka, nikaingiza mkono wangu. Kipande nilikipata. Damu ikasimama. Kulthumu alifumbua macho akauliza kama mtoto ana vidole vyote, nikamwambia anavyo vyote.

Watu wa Swima walinishika mikono. Yunusu alikaa mlangoni akilia, mtu mzima vile. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Siku ya tatu homa ikampanda. Roger alikuwa amerudi, akampiga pénicilline asubuhi na jioni. Masista walirudi, nao hawakunisema kwanza, walihangaika naye pamoja nasi. Siku ya tano alikufa, saa nne za asubuhi, anaita dada yake Waridi ambaye alikuwa amekaa pale pale karibu naye. Walimchukua kwenye mtumbwi ule ule kumzika kwao.

Sista mkubwa aliniita baada ya mazishi. Si mtu mbaya, Shangazi, usimwazie vibaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Kabati lilikuwa nyuma yake, limefungwa kwa kamba.

“Pulchérie, mikono yako ilikuwa safi?”

“Ilikuwa safi, Mama.”

“Unajuaje?”

Mpaka leo najiuliza. Nilinawa, nakumbuka maji yalivyoniunguza, nakumbuka sabuni. Lakini kucha? Na kile kitambaa nilichofutia, nilikitoa kwenye sanduku la vilivyochemshwa au juu ya kiti? Nakiona mara huku, mara kule. Daktari wa serikali alipopita kutukagua nilimwuliza kama ni mkono wangu uliomwua. Alisema siku mbili za uchungu nyumbani zinaweza kuleta homa hiyo, na mkono unaweza kuileta, na hakuna mtu atakayejua. Akaniambia pia kwamba bila mkono huo angekufa mchana ule ule. Aliyasema yote mawili kwa sauti moja, kisha akavaa kofia akaenda.

Jina langu wamelifuta katika orodha. Wasichana watatu wameondoka juma lililopita, nafasi yangu haikupewa mtu. Marthe alirudi akalia kuliko mimi. Alisema, “Mi ningefanya vile vile. Lakini mi niko na karatasi.” Yunusu alikuja mwenyewe kutoka Swima na kanzu yake ya Ijumaa, akawaambia masista kwamba yeye mwenye kufiwa hana neno juu yangu. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakamwambia sheria ya Leta, ya serikali, haimwulizi mwenye kufiwa.

Sasa juu ya kazi nyingine, maana ndiyo uliyoniuliza. Nimezitafuta, usidhani nimekaa tu.

Roger aliniambia kuna kazi ya kupita vijijini kukagua vyoo na kupiga dawa ya mbu. Nilikwenda kuandikisha. Karani alinicheka bila ubaya, akasema pampu inabebwa mgongoni na wanaume peke yao, na hata kitabu hakina mahali pa kuandika jina la mwanamke.

Kisha walikuja watu wa ugonjwa wa usingizi, wale wanaotazama damu kwa microscope. Wana wasichana wawili wa kusafisha vioo na kuandika namba. Ile kazi ningeiweza, macho yangu ni mazuri na mwandiko wangu unaujua. Mkubwa wao alinipa vioo ishirini nivioshe, akavishika kwenye mwanga, akaridhika. Kisha akaomba karatasi ya mwenendo kutoka nilikotoka. Nilimpa. Iko na mstari mmoja: ameondolewa kwa kufanya kazi isiyo yake na kuvunja kabati la dawa. Alinirudishia akiwa ameikunja vizuri.

Nilirudi hata kwa mama Adolphine, nikamwomba aniulizie kufua tu. Kufua, Shangazi, mahali nilipoanzia. Walikataa. Walisema wazazi wa Swima wakiniona pale watasema nini. Na kweli, wengine wanasema. Kuna mama mmoja sokoni aliondoa mtoto wake mbele yangu nilipopita.

Kuja Albertville ndilo tumaini nililolibakiza mwisho. Nilikwenda ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya kusafiri. Karani aliuliza nakwenda kufanya nini, nikasema kazi ya hospitali, akaomba ile karatasi ya mwenendo. Ni hiyo hiyo moja. Alisema nikiipeleka kwa mkubwa wake itaandikwa katika livret yangu, kile kitabu cha kazi, na itanifuata kila mahali. Afadhali nikae kimya nyumbani mwaka mmoja au miwili. Nadhani alitaka kunisaidia. Kwa hiyo mwambie Baba Raphaël asiniombee. Asije akaharibu jina lake kwa ajili yangu.

Mama anajua nimefukuzwa, na anajua Kulthumu amekufa. Habari ya mkono hajui. Anadhani ni kufuli tu, na anawakasirikia masista kwa ajili ya kufuli, anasema watu wazima wanagombana kwa chuma. Nguo mbili amemaliza kuzishona. Zimekunjwa katika sanduku, na sina nguvu ya kumwambia ampe mwingine.

Mtoto wa Kulthumu yuko hai. Waridi anamnyonyesha pamoja na wake. Wamemwita kwa jina la mama yake. Waliniita nikamwone, sikwenda. Nilituma habari kwamba nina homa.

Jambo la mwisho ni la juma lililopita, na hilo ndilo limenifanya nikamate kalamu. Immaculée, mke wa kaka Jacques, ana mimba ya miezi minane. Alikuja asubuhi mama akiwa shambani, akalala kwenye mkeka wangu, akapandisha nguo.

“Wifi, uniangalilie kama mutoto amegeuka. Marthe iko na kazi mingi, na bale bengine mi naona haya.”

Nilinawa mikono. Nikanawa tena. Nilikaa karibu naye, na tumbo lake lilikuwa pale, naona mtoto anasukuma kwa upande mmoja, hata bila kugusa ningeweza karibu kumwambia. Mikono yangu haikushuka. Niliishika hewani mpaka maji yakakauka.

“Mi siko tena mutu wa hii kazi,” nikamwambia. “Nenda kwa masista.”

Alinitazama. Alishusha nguo polepole, akaamka kwa kushika ukuta, kwa kuwa sikumpa mkono hata wa kumwinua, akaenda zake. Tangu siku ile anatuma watoto wa jirani kuomba chumvi au moto, yeye mwenyewe haji. Mimi naamka na mama, nalima, narudi, nalala. Ukiniuliza tena kazi gani ninaitaka, Shangazi, sitajua niandike nini.

Mama anawasalimu, na Jacques, na Immaculée. Marthe anakusalimu ingawa hamjaonana, na mama Adolphine anaomba umsalimie dada yake aliyeolewa huko upande wa stesheni. Msalimie Baba Raphaël, umshukuru sana kwa niaba yangu. Wanao Henri na Albert wasome kwa bidii.

Mungu aulinde mlango wenu, awape usingizi wa amani na chakula cha kutosha mezani. Na mimi mniombee kwa jina, kwa sababu nikianza kuomba mwenyewe maneno yanakwisha upesi.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye siku zote,

Pulchérie Wilondja