Dawa ya Kwenye Video

Nyakwara, mjukuu wangu Achieng,

Huku tuko, mgongo tu unasumbua. Mamako anakusalimia.

Umeniuliza kwa nini nilitoka nje Krismasi mlipoweka ile sinema ya kuchekesha.

Miaka ya tisini nilikuwa nakata miwa hapa Uriri. Dani yako, yaani nyanya yako, mke wangu, alikuwa amelala nyumbani, kifua kimemmaliza. Jumapili moja mchana nikaingia kibanda cha video sokoni. Jamaa mmoja alikuwa anatafsiri Kizungu. Kwa sinema, daktari akaonyesha chupa ya dawa, eti inaponya kifua, inaotesha nywele, inafufua hata kuku. Watu wakacheka. Mimi nilisikia neno kifua tu.

Nikasimama. "Hiyo dawa inauzwa wapi?"

"Uliza kuku, mzee!" mmoja akapiga kelele.

Mtafsiri hakucheka. "Baba, huu ni mchezo. Wanachekelea matangazo ya uongo ya TV."

"Na ya ukweli iko wapi?"

Akageukia sinema, akaendelea kutafsiri.

Nyumbani dani yako akauliza nimeona nini. Nikamwambia ya kuku. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumwambia kwamba niliuliza dawa inauzwa wapi. Tulimzika wiki hiyo.

Nyinyi chekeni. Nikitoka nje, msizime sinema.

Ni mimi, kwaru, babu yenu.