Wifi Zamda, Viazi vya Mzee Kombo Vimeota

Wifi yangu Zamda,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala, na Mola akupe nafasi, maana wewe hukupenda kubanwa. Nimeupata upawa wangu. Ulikuwa nyuma ya mtungi wako, na miaka yote hiyo uliniapia kwamba hujauona. Nilicheka peke yangu jikoni kwako mpaka kaka yangu Makame, mumeo, akaja kuchungulia akidhani nimepandisha mashetani. Halafu nikalia kidogo, nikauosha, nikaondoka nao. Upawa ni wangu, wifi, hata ukifa.

Nakuandikia kwa sababu kuna habari ambayo, kama ingekupata wewe kwanza, ungekuja mbio kwangu na kanga moja. Chungu cha Jirani, asasi yetu, hakijafa. Kilikaribia kufa, tena kwa kosa lililofanyika kwenye hitima yako mwenyewe, lakini kiko hai na kinachemka.

Watu wa asasi nyingine wakija kututembelea huniuliza tulianzaje. Nawaambia ukweli: tulianza kwa sababu Zamda hakuweza kupita chini ya mshelisheli na kuona mashelisheli yameoza. Mashamba ya watu ambao watoto wao wamehamia Dar, matunda yanaanguka hayana mwokotaji, na papo hapo kuna kina mama waliokimbia vita kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wamewafuata ndugu zao kwenye kambi za wavuvi, hawana cha kuinjika. Ukaenda mlango kwa mlango kuomba ruhusa. Mkwezi wetu Haji akapanda, kina mama wakavuna, na mavuno yakagawanywa mafungu matatu: la mwenye miti, la mkwezi na la chungu. Ulikataa katakata watu wapangwe foleni wakigawiwa. Ulisema kila mmoja aje na pakacha lake avune, na neno wakimbizi lisisikike jikoni kwako, waitwe wageni. Mimi nilikuambia utachoka baada ya wiki. Basi, nimekosea, furahi.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulipotuacha.

Siku ya arobaini yako wageni walikataa tuwapikie. Walisema Bi Zamda ni wao pia. Atija, yule uliyemfundisha kukausha mashelisheli juani na yeye akakufundisha kupunguza chumvi (hukujifunza), alikuja na viazi vikuu akavipika kwa tui zito. Wifi, vile viazi, ungefufuka. Hata Mzee Kombo, ambaye shamba lake la Miburani ndilo kubwa kuliko yote tunayovuna, alikula sahani akaomba nyingine. Akauliza vimetoka wapi. Atija kwa furaha zake akamwambia vimetoka kichakani kwako, Mzee, pale mpakani, vilikuwa vimejiotea tu.

Mzee Kombo akanawa mikono. Hakungoja hata dua ya mwisho.

Vile viazi havikujiotea. Alivipanda yeye, akaacha magugu yavifunike ili wezi wasivione. Alivificha vizuri mno, mwenyewe unamjua alivyo, hata mtu mwema akipita anaona pori. Na kwao Atija, kilichoota porini pasipopaliliwa ni riziki ya aliyekichimba. Hakuna aliyekusudia baya. Lakini kesho yake kila mnazi na kila mshelisheli wa lile shamba ulikuwa umefungwa kuti kavu shinani, na sisi watu wa hapa hatuhitaji kuelezwa kuti lile linasema nini. Mti umefungwa, mkono usiguse.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimkasirikia mzee mzima anayepanda chakula kama anazika hazina. Nikamchukua Makame tukaenda kuomba radhi, akatupa kahawa, akazungumza habari za mvua tu mpaka tukaaga. Na bila lile shamba, wifi, chungu kilikuwa nusu. Kibaya zaidi ni maneno. Sokoni Kilindoni wakaanza kusema wageni wameanza kuiba. Jambo uliloliogopa tangu siku ya kwanza, likaja wewe hupo. Nilitamani uamke uwaseme mmoja mmoja kwa ile sauti yako.

Atija akafunga mzigo wake. Nilimkuta amekunja mkeka, watoto wamevalishwa nguo za safari. Aliniambia, "Bi Tatu, kwetu nimetolewa kwa bunduki. Hapa sitaki kutolewa kwa jina la mwizi. Naondoka mwenyewe." Nikamwomba tu anisaidie kumenya mashelisheli yaliyobaki, kwani wewe ulikuwa huachi mtu aondoke kazi ikiwa haijaisha. Nilijua hatakataa jina lako.

Basi tuko uani kwako tunamenya, mzigo wake uko pale ukutani, Mzee Kombo akaingia na bakora yake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Akauliza ni nani hasa aliyechimba. Atija akasimama na kisu mkononi, akasahau kukiweka chini, maskini.

Kumbe mzee alikwenda kichakani kutafuta kama kimebaki hata kimoja cha kufanya mbegu. Alitarajia mashimo. Akakuta udongo umerudishwa na kusawazishwa, yale matawi ya viazi yanayotambaa yameegemezwa tena kwenye miti ya pori, na alipofukua kwa kidole akakuta kichwa cha kiazi ndani ya kila shimo, kimekatwa vizuri, kimeanza kutoa mizizi myeupe. Kilicholiwa siku ya hitima yako ni chini tu. Juu kote kulirudishwa ardhini.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza.

Atija akamjibu, "Sikujua kuna namna nyingine ya kuchimba, Mzee. Mama yangu alichimba hivyo."

Wifi, Mzee Kombo alikaa kwenye kile kibao chako cha mbuzi ya kukunia nazi, kikambana, akakaa hivyo hivyo. Kisha akasema, "Mwizi hafukii shimo. Nendeni mkafungue makuti yangu. Na kichaka kile, mama, kuanzia leo ni cha kwako kulima, mbegu nitatoa mimi." Halafu akaulizia kama vile viazi vya siku ile vilibaki, wakati hitima ilikwisha zamani. Tulicheka mpaka Atija akakaa chini.

Jioni ile ile watoto walikuwa shambani wanakata makuti, Haji yuko juu anaimba kwa sauti yake mbaya, na sokoni Mzee Kombo alipita mwenyewe kusimulia, akiongeza chumvi kuliko wewe. Siku hizi akimkosa Atija shambani anakuja kuniuliza mimi kama anaumwa.

Kichaka kimekuwa shamba. Kina mama wanne wanalima pale pamoja na Atija, na msimu huu fungu la chungu tutalichimba, hatutaliokota tu. Ule mkeka alioukunja sasa umetandikwa kwenye chumba cha nyuma kwako. Makame ndiye aliyesema ahamie na watoto, nyumba imekuwa kimya mno. Amejifunza kupika wali. Unaliwa, ukiwa na njaa.

Na hili ndilo nililotaka ulijue. Kichwa kimoja cha vile viazi vya hitima yako Atija alikileta, akakipanda nyuma ya jiko lako. Kimepanda mpaka kwenye paa. Makame anakimwagilia kila asubuhi na ameapa hakuna wa kukigusa. Nimemwambia asijisumbue. Kikikomaa tutakichimba, tutakipika kwa tui zito, wageni wote watakula, na Mzee Kombo atapewa sahani mbili.

Lala salama, wifi yangu. Nitaukoroga mchuzi kwa upawa wangu mwenyewe. Na kichwa nitakirudisha ardhini kwa mkono wangu.

Wifi yako mwenye mdomo,
Tatu